Shangazi, nimekutwa na saratani ya titi: je, pombe niiache kabisa?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina umri wa miaka 49, mzaliwa wa Muheza, na kwa sasa ninaishi Tanga mjini, ambako nina duka dogo la vitambaa maeneo ya Ngamiani. Mapema mwaka huu niligundulika kuwa na saratani ya titi. Nilifanyiwa upasuaji wa kuondoa titi la kushoto, na sasa kila baada ya wiki tatu ninasafiri kwenda Dar es Salaam kutundikiwa dripu za kemo. Nimeambiwa kwamba nikizimaliza nitapigwa mionzi, kisha nitaanza kumeza vidonge vya tamoksifeni kwa miaka kadhaa.

Ninakuandikia kwa jambo ambalo nimeshindwa kulizungumza na mtu yeyote nyumbani. Kwa miaka mingi nimekuwa nikinywa bia, si kila siku, bali Jumamosi jioni nikishafunga duka, chupa moja au mbili pamoja na wifi yangu. Na nikienda kwa mama Muheza hunywa mnazi kidogo na wenzangu. Sijawahi kuokotwa njiani wala kushindwa kufungua duka kwa sababu ya pombe. Tangu nianze matibabu sijagusa bia, lakini kaka yangu mkubwa ananiletea divai nyekundu na kunisisitiza ninywe glasi moja kila usiku, kwa sababu vipimo vilionyesha damu yangu imepungua, na yeye anaamini kwamba divai inaongeza damu. Ninainywa kwa kumheshimu. Dada yangu, ambaye ameokoka, akiiona ile chupa husema mbele ya wanangu kwamba ugonjwa huu niliutafuta mwenyewe kwa ulevi. Maneno hayo yananikosesha usingizi kuliko maumivu ya kidonda.

Mume wangu anafanya kazi mkoa mwingine, kwa hiyo shemeji ndiye anayenisindikiza hospitali, na huingia nami hadi ndani kwa daktari. Suala la pombe halijawahi kuguswa humo, nami naona haya kulianzisha mbele ya shemeji. Mwezi wa Desemba binti yangu wa kwanza anaolewa. Kutakuwa na sherehe ya kumuaga, na glasi zitagonganishwa. Naomba uniambie ukweli, Shangazi. Je, nilijiletea mwenyewe? Divai ya kaka inanisaidia au inaniumiza? Nikimaliza matibabu, naweza kurudi kwenye bia yangu ya Jumamosi? Na kwa kuwa sisi ni Waanglikana, nimeanza kukiogopa hata kikombe cha ushirika.

Mama wa Ngamiani, Tanga

Marahaba mwanangu. Pole kwa ugonjwa, na pole zaidi kwa maneno unayoyavumilia ndani ya nyumba yako mwenyewe. Umeuliza mambo kadhaa, lakini moja halisubiri, nalo ni hiyo divai ya kila usiku. Iache kuanzia leo, na usiguse pombe ya aina yoyote mpaka mizunguko ya kemo iishe na daktari wako athibitishe kwa vipimo kwamba damu na ini lako vimerudi katika hali nzuri.

Imani ya kwamba divai nyekundu inaongeza damu imeenea sana kwetu, na nadhani chanzo chake ni ile rangi tu. Damu yako imepungua kwa sababu dawa za kemo, zinapoziandama seli za saratani zinazokua haraka, huzipiga pia seli za uboho wa mifupa, ambako damu hutengenezwa. Pombe nayo hudhoofisha uboho huohuo, na huuzuia mwili kuitumia vizuri foleti, ambayo ni vitamini inayohitajika katika kutengeneza chembe nyekundu. Madini ya chuma yaliyomo katika glasi ya divai ni machache mno, na ule ukakasi unaousikia ulimini unatokana na kemikali zinazokwamisha ufyonzaji wa madini hayo kutoka kwenye chakula. Kwa hiyo kaka yako, kwa mapenzi yake yote, anakupa kitu kinachovuta upande ule ule ambao kemo inavuta.

Yapo mahesabu ambayo ningependa umwonyeshe, kwa adabu. Glasi ya divai ya mililita 150 yenye nguvu ya asilimia 12 ina takriban gramu 14 za alkoholi halisi. Ukiinywa kila usiku, kwa wiki unapata karibu gramu 98. Bia ya chupa ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20, kwa hiyo hata zile chupa mbili za Jumamosi zilikuwa gramu 40 kwa wiki. Maana yake ni kwamba, tangu uanze kutibiwa, unakunywa zaidi ya mara mbili ya ulivyokuwa ukinywa kabla ya kuugua, na unafanya hivyo kwa jina la dawa.

Sababu nyingine za kujizuia wakati wa kemo zinahusu ini na mdomo. Dawa kadhaa zinazotumika sana kutibu saratani ya titi, kama vile doksorubisini na dosetakseli, husafishwa mwilini kwa kupitia ini, na ini lililoshughulishwa na pombe huifanya kazi hiyo kwa shida. Likionekana limechoka kwenye vipimo, daktari anaweza kulazimika kupunguza dozi au kuahirisha mzunguko, na mzunguko ulioahirishwa ni hasara kwako. Kemo pia husababisha vidonda vya mdomo na koo, ambavyo pombe huvichoma na kuchelewesha kupona kwake. Ukitapika au ukiharisha unapoteza maji, na pombe hukuongezea kwenda haja ndogo, jambo ambalo katika joto la Tanga linaweza kukuangusha upesi. Tena uwe mwangalifu na dawa ndogondogo zinazochukuliwa kuwa za kawaida: parasetamo nyingi pamoja na pombe huumiza ini, metronidazo ikichanganywa na pombe inaweza kuleta kichefuchefu kikali na mapigo ya moyo kwenda mbio, na ikiwa utapewa mofini ya maji kwa ajili ya maumivu, kuichanganya na pombe kunaweza kupunguza kasi ya kupumua hadi hatari ya kifo.

Sasa nije kwenye neno la dada yako, kwa sababu naona ndilo lililokuumiza zaidi. Ukweli una pande mbili, nami nitakueleza zote, kwani umeomba ukweli. Pombe ni kisababishi cha saratani. Hilo halina ubishi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka katika kundi la kwanza la visababishi mwaka 1988, kundi ambamo tumbaku nayo imo. Saratani zinazohusishwa nayo ni za mdomo, koo, kisanduku cha sauti, umio, ini, utumbo mpana na titi la mwanamke. Mwili huigeuza alkoholi kuwa asetaldehaidi, ambayo huharibu vinasaba vya seli, na kwa wanawake pombe hupandisha pia homoni ya estrojeni, ambayo ndiyo inayozilisha saratani nyingi za titi. Haijalishi kama ni bia, divai, mnazi, au pombe kali. Kinachodhuru ni alkoholi yenyewe.

Upande wa pili ni huu. Utafiti unaonyesha kwamba kila gramu 10 za alkoholi kwa siku huongeza uwezekano wa saratani ya titi kwa takriban asilimia 7 hadi 10 ya ule uwezekano ambao mwanamke alikuwa nao tayari. Wewe, kwa chupa mbili za Jumamosi, ulikuwa chini ya gramu 6 kwa siku. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba katika kundi la wanawake 100 wasiokunywa watano wangeugua; katika kundi la wanawake 100 wanaokunywa kama wewe, idadi hiyo isingefika hata sita. Wanaougua saratani ya titi wamo wengi wasiowahi kuonja pombe maishani mwao, wakiwemo wake wa mashehe na watawa. Umri, urithi wa ukoo, muda ambao mwili umekaa na homoni zake, uzito baada ya hedhi kukoma, vyote vimo, na hakuna daktari duniani anayeweza kulipima titi lako akasema kwa hakika kwamba hili limetokana na bia. Dada yako amechukua jambo lililo kweli kwa umma akalitumia kama hukumu ya mtu mmoja, na hapo amekosea. Kumwambia mgonjwa maneno hayo mbele ya watoto wake ni kumwongezea mzigo asiostahili. Mtafute mtu mzima anayesikilizwa na nyote wawili, awe mama yenu au kasisi, amwambie kwamba anayetaka kukusaidia apike, afue, au akae nawe siku baada ya dripu, ambapo mwili huwa hauna nguvu.

Kuhusu siku zitakazofuata baada ya matibabu, hapo jibu si jepesi kama la leo, nami sitalirahisisha. Tafiti zilizowafuatilia wanawake waliokwisha kutibiwa saratani ya titi hazijakubaliana kama kunywa kidogo kunairudisha. Baadhi ziliona ongezeko, nyingine hazikuona. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba chupa moja itakurudishia ugonjwa, anasema asichokijua, na akikuambia haina neno lolote, naye pia anasema asichokijua. Lililo wazi zaidi ni kwamba pombe inaongeza uwezekano wa saratani mpya, ikiwemo ya titi lililobaki, na wewe umebakiwa na titi moja la kulilinda. Pia tamoksifeni, ambayo wengi huimeza kwa miaka 5 na wengine hadi 10, kazi yake ni kuuzuia mlango ambao estrojeni huutumia kuingia kwenye seli za titi. Si busara kumeza kidonge cha kuzuia homoni asubuhi na kunywa kitu kinachoipandisha jioni. Dawa hiyo yenyewe inaweza kulifanya ini lijae mafuta, jambo ambalo pombe nayo hulifanya, na baadhi ya wanawake huona lile joto la ghafla linazidi wakinywa.

Chama cha Saratani cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, kinasema kwamba lililo bora ni kutokunywa kabisa, na kwamba mwanamke anayekunywa asizidishe kinywaji kimoja kwa siku, yaani kama gramu 14. Angalia basi kwamba chupa yetu ya nusu lita inakizidi kipimo hicho. Shirika la Afya Duniani lilitamka Januari 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Upo ushahidi wa kutosha kwamba kupunguza au kuacha pombe hupunguza uwezekano wa saratani ya mdomo na ya umio, na saratani ya umio inawasumbua watu wengi sana katika nchi zetu za Afrika Mashariki. Kwa saratani ya titi ushahidi wa namna hiyo bado ni mdogo. Ungekuwa binti yangu wa kumzaa, ningekuomba uache moja kwa moja. Lakini mwili ni wako, na kama baada ya kemo na mionzi utaamua kwamba glasi moja katika siku chache za mwaka ina thamani kwako, basi huo utakuwa uamuzi wa mtu mzima anayejua anachokifanya, na hapaswi mtu kukuita mwenye dhambi kwa ajili yake. Ninachokukataza bila masharti ni kurudi kwenye desturi ya kila wiki kwa mazoea tu, bila kuuliza tena moyo wako wala daktari wako.

Mnazi nautaja peke yake kwa sababu watu wa mwambao tunauona kama maji ya matunda. Tembo, yaani huo mnazi, likigemwa linaanza kuchacha palepale, na kwa saa chache tu linaweza kufikia nguvu ya asilimia 4 hivi. La asubuhi na la jioni si kitu kimoja, na hakuna anayejua kwa hakika ameweka nini katika kikombe. Kwa mtu anayechomwa kemo, kinga ya mwili inapokuwa imeshuka, upo pia wasiwasi wa usafi wa vyombo vya mgema na wa wadudu wanaoingia humo. Kuhusu gongo sina maneno mengi: inaweza kuwa na methanoli, aina ya alkoholi yenye sumu, inapofusha na kuua, na haimfai mgonjwa wala mzima.

Shemeji yako naye tumfikirie, maana hapa ndipo naona hatari iliyo kubwa kuliko bia zote ulizokunywa. Daktari wako anapanga dozi bila kujua kwamba unakunywa divai kila usiku. Safari ijayo andika kwenye karatasi mstari mmoja: nilikuwa nikinywa kiasi gani, ninakunywa nini sasa, tangu lini. Mpe muuguzi anayekupima uzito na presha kabla hujaingia, na umwombe amfikishie daktari. Au mwombe shemeji akafuatilie dawa dirishani au malipo, kisha umwambie daktari kwamba unahitaji dakika chache za faragha. Ombi hilo wanalisikia kila siku na hakuna atakayeshangaa. Ni haki ya mgonjwa, na shemeji mwenye heshima ataielewa. Daktari akishajua, anaweza kuagiza kipimo cha ini pamoja na kile cha damu, ili mzunguko unaofuata upangwe kwa taarifa zilizo sahihi.

Kama yapo uliyonificha, na unywaji wako ni mkubwa kuliko ulivyoandika, basi usikilize hili kwa makini zaidi: mtu aliyezoea kunywa sana kila siku akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kutokwa jasho, kuona mambo yasiyokuwepo na hata kupata degedege. Mtu wa namna hiyo asiache peke yake nyumbani. Aseme hospitali, apewe dawa za kumvusha. Nakuandikia hili pia kwa ajili ya wasomaji wengine ambao hali zao zinafanana na yako lakini vipimo vyao vya pombe si vya Jumamosi pekee.

Kaka yako usimvunje moyo. Mweleze kwamba daktari anazuia pombe wakati wa kemo, kisha mpe kazi nyingine ya kuongeza damu: akuletee maini, dagaa, maharage, mchicha na kisamvu, na machungwa ya kwenu Muheza ule pamoja na chakula hicho, kwa sababu vitamini C husaidia madini ya chuma kufyonzwa. Chai isinywewe pamoja na mlo, bali saa moja au mbili baadaye. Vyakula hivyo vyote vipikwe vikaiva barabara, matunda yaoshwe kwa maji safi, na vidonge vya kuongeza damu usivinunue dukani bila daktari kuona vipimo vyako, kwani upungufu unaoletwa na kemo si lazima uwe wa chuma. Na wakati wowote joto la mwili likifika nyuzi 38 au zaidi, usisubiri asubuhi. Nenda hospitali ya Bombo au iliyo karibu, na uwaambie tangu mlangoni kwamba uko kwenye kemo.

Desemba itakapofika, sherehe ni ya binti yako na wewe ndiye mama wa shughuli. Mwambie mapema anayehudumia meza yako akuwekee sharubati ya ukwaju au ya rozela katika glasi ileile ya wengine. Ukigonganisha, heshima imetimia. Atakayekuuliza, mjibu kwamba unatumia dawa zisizopatana na pombe. Ni kweli tupu, na inatosha. Huna wajibu wa kumsimulia mgeni wa harusi habari za titi lako.

Kuhusu kikombe cha ushirika, tone la divai unaloonja altareni halina uzito wowote katika mahesabu haya, wala lisikutie hofu ya saratani. Linalonishughulisha ni kikombe kimoja kupita midomo ya watu wengi katika siku ambazo chembe zako nyeupe za damu, zile zinazoukinga mwili, zimeshuka, na vidonda vya mdomo ikiwa unavyo. Kanisa lenu linakubali kwamba anayepokea mkate peke yake amepokea ushirika kamili, kwa hiyo mweleze kasisi kabla ya ibada, naye atakupitisha bila watu kutambua. Na katika ile karatasi ya daktari ongeza pia mitishamba yote unayoletewa nyumbani, hasa ile iliyolowekwa katika pombe kali na kuuzwa kama dawa ya nguvu au ya kusafisha damu, kwa maana nina hakika ipo angalau chupa moja kabatini kwako.